Nyumba Yauzwa, Mama Yu Ndani

Mtu apitaye leo katika mitaa ya Dar es Salaam, iwe Sinza au Magomeni, Tabata au Mbezi, hana budi kusoma kuta. Ukuta mmoja umeandikwa kwa rangi nyekundu: "Nyumba inauzwa", na chini yake namba ya simu ya dalali. Akienda hatua chache aona ukuta mwingine, nao umeandikwa kwa rangi ile ile: "Nyumba hii haiuzwi." Maandishi ya kwanza kila mtu ayaelewa. Ya pili humshangaza mgeni atokaye bara. Kwa nini mtu awatangazie wapita njia kwamba hauzi kilicho chake? Hatujaona bado mfugaji aliyeandika ubavuni mwa ng'ombe wake kwamba ng'ombe huyu hauzwi.

Wenyeji wa mji wajua maana yake. Yupo mtu anayetaka kuiuza nyumba ile, au alikwisha kujaribu, pasipo wenziwe kujua. Pengine ni tapeli aliyeghushi hati. Lakini mara nyingi, na hili ndilo lituumizalo, ni mtu wa nyumba ile ile: mume anayemficha mkewe, kaka anayewafichа wadogo zake, baba mdogo aliyekuja matangani na akaondoka na hati ndani ya mkoba. Basi mama wa watu, asiye na fedha ya wakili, amekwenda dukani akanunua kopo moja la rangi, akaufanya ukuta kuwa shahidi wake.

Wala mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya Dar es Salaam peke yake. Mwanza na Arusha na Mbeya madalali wapo. Na Dodoma, tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia huko kweli kweli, viwanja na nyumba vimekuwa mazungumzo ya kila baraza. Msomaji aliye Ngara au Mbinga naye asigeuze ukurasa huu akisema haumhusu. Nyumba ya ndugu yake aliyefia mjini yaweza kuuzwa kwa azimio la ukoo lililopitishwa chini ya mgomba wake mwenyewe, naye akiwa ameketi hapo na kunyamaza.

Hatusemi kwamba kuuza nyumba ni dhambi. Mzee aliyestaafu aona heri arudi kijijini kwao, auze ya mjini na kununua shamba. Mwingine auza ili mtoto wake apate matibabu. Watoto watano waliorithi nyumba moja ya vyumba sita hawawezi kuikata kama mkate. Huenda njia ya amani ni kuiuza na kugawana. Kanisa halikukataza biashara hiyo kamwe, nalo lenyewe hununua na kuuza majengo. Tena Kanisa limetetea kwa nguvu haki ya mtu kuwa na nyumba yake. Papa Leo XIII aliifundisha dunia jambo hilo mwaka 1891, na Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015 juu ya utunzaji wa dunia hii, alisema kwamba kuwa na nyumba ni jambo linalogusa sana heshima ya mtu na ustawi wa familia yake. Lakini angalieni sababu aliyoitoa Papa Leo. Baba ana haki ya kumiliki kwa kuwa ana watu wa kuwalisha na kuwahifadhi. Mali yake ni mkono wake unaonyoshwa kuwafikia watoto hata baada ya yeye kufa. Anayechukua haki hiyo, akaitumia kuwatupa nje walewale ambao haki ilitolewa kwa ajili yao, ameipindua juu chini.

Na tuitazame nyumba yenyewe jinsi ilivyopatikana. Nyumba nyingi za mijini kwetu hazijengwi kwa mkopo wa siku moja. Hujengwa kwa miaka. Sinza na Kijitonyama, kwa mfano, ni mitaa iliyopimwa na Serikali katika miaka ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia, ili watu wa kipato cha chini wapewe viwanja na wajijengee wenyewe. Wakajijengea. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, mwaka wa tatu mabati ya vyumba viwili, na familia ikahamia kabla ya dari wala plasta. Leo mji umezizunguka nyumba hizo, barabara zimepita karibu, na kiwanja kilichogawiwa kwa fedha kidogo chatafutwa na watu wenye fedha nyingi. Sasa tuulize: nyumba hiyo aliijenga nani? Mifuko ya saruji ilinunuliwa kwa mshahara wa baba, sawa. Lakini maji ya kuchanganyia saruji hiyo yalibebwa na nani kichwani, alfajiri, toka bomba la mbali? Chakula cha mafundi kilipikwa na nani? Mwaka ule mshahara wote ulipokwenda kwenye mabati, watoto walikula nini, kama si vitumbua alivyokaanga mama yao na kuviuza mlangoni? Hati ikaja, ikaandikwa jina moja. Jina moja likageuka kuwa mtu mmoja.

Sheria ya nchi yetu haikubali hesabu hiyo. Watu wazima wakumbuka kwamba mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Jambo hilo lilizungumzwa sana, na wengine walilia. Wachache wakumbuka kwamba mwaka huo huo ilitungwa sheria nyingine iliyogusa nyumba nyingi kuliko ile, nayo ni Sheria ya Ndoa. Kifungu chake cha 59 chasema waziwazi kwamba mume au mke hawezi kuiuza nyumba ya ndoa, wala kuitoa zawadi, wala kuipangisha, wala kuiweka rehani, bila ridhaa ya mwenzake, maadamu ndoa ipo. Hata kama hati ina jina moja. Tena sheria hiyo humpa yule mwingine ruhusa ya kuweka zuio, yaani kwenda kwa Msajili wa Hati na kuandikisha kwamba ana haki katika nyumba ile, ili isiuzwe kwa siri. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani, kupika na kulea na kutunza, ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Mapadre tulikuwa tukiyasema hayo tangu zamani katika mafundisho ya ndoa, lakini tukiri kwamba mahakimu waliyasema kwa maneno yaliyo wazi zaidi.

Lakini sheria yaweza kukwepwa. Muuzaji huenda kwa mtu wa viapo, akaapa mbele ya Mungu kwamba hana mke. Mara nyingine huja na mwanamke mwingine, akamwita mke wangu, naye akatia sahihi. Katika mitaa isiyopimwa, ambako nyumba huuzwa kwa karatasi ya mauziano iliyogongwa mhuri tu, mambo huwa mepesi zaidi. Kila karatasi ipo mahali pake. Mama arudi toka sokoni, akuta mtu asiyemjua amesimama uani na fundi, wanapima ukuta.

Hapo ndipo tunapotaka kufungua Maandiko Matakatifu, maana Biblia ina mengi juu ya kuuza na kununua kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 23, chasimulia jinsi Abrahamu alivyonunua shamba la Makpela amzike mkewe Sara. Alikuwa mgeni katika nchi ile. Hakumwendea Efroni usiku. Alisimama mbele ya wenyeji wote, akainama, akaomba, na maneno yote yakanenwa langoni pa mji, penye masikio ya kila aliyeingia na kutoka. Efroni akataka kumpa bure, kwa adabu au kwa hila hatujui. Abrahamu akakataa, akapima shekeli 400 za fedha mbele yao. Na mwandishi mtakatifu hakuona uchovu kutuandikia kilichouzwa: shamba, na pango lililomo, na miti yote iliyo ndani ya mipaka. Hata miti! Huo ni mkataba ambao hakuna ndugu wa Efroni angeweza kuja baadaye kusema hakusikia.

Na Kitabu cha Ruthu, sura ya 4. Boazi naye aketi langoni, awaita wazee 10, na pamoja nao ndugu wa karibu zaidi wa marehemu. Naomi ana shamba la kuuza, asema Boazi, je, utalinunua? Nitalinunua, ajibu yule upesi. Ndipo Boazi amwambia kwamba pamoja na shamba yuko mjane, Ruthu, ambaye jina la marehemu yamo mikononi mwake. Yule ndugu mara akabadilika. Akasema hawezi, asije akaharibu urithi wake. Akavua kiatu chake kama ilivyokuwa desturi, akajitoa. Shamba alilitaka, mjane hakumtaka. Jina lake halikuandikwa. Twaona neno hili lingefaa lisomwe katika kila kikao cha ukoo kinachokaa siku ya arobaini, kabla watu hawajaanza kuuliza hati iko wapi.

Kinyume cha hao ni Ahabu. Wakristo wengi wakumbuka shamba la mizabibu la Naboti na jinsi alivyopigwa mawe, nao humlaumu malkia Yezabeli. Lakini soma tena sura ile ya 21 katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, uone mambo mawili. La kwanza, Ahabu alitoa bei nzuri: shamba jingine lililo bora, au fedha taslimu. Hakuwa mnyang'anyi wa kupora. Naboti alikataa kwa kuwa ule ulikuwa urithi wa baba zake, na mfalme akajilaza kitandani akageukia ukuta kama mtoto aliyenyimwa sukari, kwa ajili ya bustani ya mboga. La pili, karatasi zote zilikuwa sawa. Barua ziliandikwa kwa jina la mfalme. Muhuri ulikuwa muhuri wa kweli. Wazee wa mji walikaa kikao. Mashahidi walikuwa wawili kama sheria ilivyotaka. Mtu akikagua faili la Naboti leo hatapata kasoro hata moja, ila kwamba mwenye shamba amekufa.

Na Ahabu alifanya nini? Hakuandika barua, hakutoa ushahidi, hakuokota jiwe. Aliambiwa tu kwamba shamba sasa li wazi, naye akainuka, akashuka kwenda kulitwaa. Hakuuliza limekuwaje wazi. Nabii Eliya hakutumwa kwanza kwa mashahidi wa uongo wala kwa wazee waliotii barua. Alitumwa kwa huyu aliyeingia shambani, akamkuta humo humo.

Basi tunasema nanyi mnunuao. Watu wamezoea kumhukumu muuzaji, nasi hatumtetei. Lakini soko hilo la gizani lisingekuwapo kama wanunuzi wasingekuwa tayari kufumba macho. Mtu anunuapo gari kuukuu huleta fundi, hulifungua, hulala chini yake kwenye vumbi na shati lake jeupe. Anunuapo nyumba ya mamilioni aambiwa na dalali: haraka mzee, yupo mwingine ana fedha mkononi, naye aridhika kuuliza juu ya maji na umeme na kama gari lafika mlangoni. Amekaribishwa sebuleni. Mwanamke amemletea chai. Ameinywa. Hakuuliza huyu ni nani, wala kama ajua kwa nini mgeni amekuja. Bei ni nusu ya bei ya jirani, naye hamshukuru Mungu wala haulizi sababu, kwa kuwa moyoni anayo tayari sababu na hataki kuisikia kwa sauti.

Mkristo anunuaye nyumba na aulize. Kama muuzaji ana mke au mume, na aitwe, aseme kwa kinywa chake mwenyewe, naye aelewe kiasi cha fedha na siku ya kuhama. Kama muuzaji asema hana mke, majirani wa pande mbili wajua. Hati na ipelekwe kwa Msajili kufanyiwa upekuzi, ijulikane ni ya nani na kama ina rehani au zuio juu yake. Kama mwenye nyumba amekwisha kufariki, na ionekane barua ya mahakama iliyomteua msimamizi wa mirathi. Wala hiyo isitoshe. Msimamizi si mmiliki. Yeye ni mtumishi wa warithi, na hutakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali na hesabu ya jinsi alivyoigawa. Anayenunua kwa msimamizi na asiwaone warithi amefanya kama mtu anayemlipa mchungaji fedha za kondoo asiowafuga kwa ajili yake mwenyewe. Yatachukua siku, naam. Nyumba nzuri huenda ikampita. Na impite.

Juu ya wajane twapenda kusema zaidi kidogo. Bwana wetu Yesu Kristu, katika Injili ya Marko sura ya 12, aliwaonya watu wajihadhari na waandishi wanaopenda kusalimiwa masokoni na kuketi mbele katika masinagogi, nao wanakula nyumba za wajane huku wakirefusha sala. Alisema nyumba. Hatuna haja ya kutafuta mfano wala fumbo hapa. Ndugu wa mume hufika msibani, huongoza rozari kwa sauti kubwa, hugharimia mazishi, na baada ya juma mbili hutoa hesabu ya gharama hizo na kusema nyumba haina budi kuuzwa kulipa. Kisha huongeza kwamba mwanamke ni wa ukoo mwingine, na nyumba ilikuwa ya mtoto wetu. Walakini mbele ya altare Kanisa lilitangaza kwamba hao wawili si wawili tena. Kama ndoa iliwafanya kuwa mwili mmoja, basi mwenye nyumba hajafa wote. Nusu yake iko jikoni inalia. Na mara nyingi yule mjane hulelea watoto ambao wana damu ya ukoo huo huo unaowatoa nje. Hatuelewi mila gani ya mababu yafundisha jambo hilo. Mababu tunaowafahamu sisi walimjengea mjane kibanda, hawakukibomoa.

(Na hapa tunawasihi, kwa upendo, wale wanaoishi pamoja miaka mingi bila kufunga ndoa. Siku ya msiba mwanamke asiye na cheti husumbuliwa kuthibitisha kwanza kwamba alikuwa mke, kabla ya kuulizwa habari za nyumba. Padre wenu yupo. Njoni.)

Kuna dhulma nyingine isiyosemwa, kwa kuwa haimo katika kitabu chochote cha sheria. Mtu ana mgonjwa hospitalini, atakiwa fedha kabla ya siku fulani. Auza nyumba kwa hiari, mkewe ametia sahihi, watoto wajua, hati ni safi. Mnunuzi amepata habari za ugonjwa, naye atoa nusu ya thamani na kusubiri, kwa maana ajua kwamba kila siku ipitayo yamfanya muuzaji kuwa mlaini zaidi. Serikali haitamshika. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, inapoeleza amri ya saba, yahesabu katika wizi tendo la kuchezea bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwenzako. Sheria ya Musa ilikuwa na dawa ya kustaajabisha: Mambo ya Walawi, sura ya 25, yasema kwamba aliyeuza nyumba ndani ya mji wenye ukuta ana ruhusa ya kuikomboa mpaka utimie mwaka mzima. Mwaka mmoja wa kupumua! Mungu alijua kwamba watu huuza nyumba siku mbaya, na kwamba siku mbaya hupita. Nchi yetu haina sheria ya namna hiyo, lakini hakuna kinachomkataza Mkristo mwenye uwezo kuandika sharti hilo katika mkataba wake kwa hiari: kwamba jirani akipata fedha katika muda fulani, arudishiwe nyumba yake kwa bei ile ile. Hatujui mnunuzi aliyepata kufanya hivyo. Tungefurahi kumjua.

Sasa, yule aliyekwisha kununua afanyeje? Tunajua ukurasa huu watasomwa na watu waliolala jana katika nyumba za namna hiyo. Mafundisho ya maadili ya Kanisa juu ya jambo hili ni ya zamani na hayana utata mkubwa. Aliyenunua kwa nia njema, akauliza yaliyompasa kuuliza na akadanganywa, hana dhambi kwa muda wote alipokuwa hajui. Siku atakapojua kwa hakika kwamba nyumba ni ya mwingine, ile nia njema imekwisha. Hawezi tena kukaa kimya na kusema mimi nilitoa fedha zangu. Ana haki ya kumdai aliyemdanganya, wala hana haki ya kumlipisha mjane hasara yake. Na aliyenunua akijua, au akikataa kujua kwa makusudi, huyo yampasa kurudisha. Hakuna novena itakayochukua mahali pa kurudisha. Padre katika kitubio anaweza kumwondolea dhambi mtu anayetubu, lakini hatubu yule anayetaka kubaki na alichokiiba. Zakayo alipoinuka mezani hakusema atasali zaidi, alitaja hesabu: mara nne. Kama kuirudisha nyumba yote haiwezekani, kwa kuwa ameibomoa na kujenga ghorofa, basi na watafute pamoja na wenye haki malipo yaliyo ya haki. Na dalali aliyejua na akachukua fungu lake, naye ana fungu lake katika deni.

Mambo haya yanapofika Barazani, kwanza kata na kisha wilaya, huchukua miaka, na mara nyingi mjane huchoka kabla ya kesi. Ndiyo maana twaona heri Jumuiya Ndogo Ndogo zisisubiri kesi. Jumuiya yajua nani ameoana na nani. Ilikuwapo siku ya kuhamia, ikala pilau. Nyumba ya mwanajumuiya inapotangazwa kuuzwa, au mume anapofariki, wazee wa jumuiya na waende watatu wanne, wakae barazani, waulize kwa heshima: mama amekubali? watoto wamesikia? Watu watasema tunaingilia mambo ya ndani. Lango la mji wa Hebroni lilikuwa limejaa watu walioingilia mambo ya ndani.

Na ninyi akina baba mlio hai na wenye afya, msiwaachie wengine kazi hiyo. Andikeni wosia, mbele ya mashahidi, wakati hakuna mgonjwa ndani. Kama nyumba ni yenu wote wawili, hati na iandikwe majina yote mawili. Jambo hilo lawezekana, na halimpunguzii mwanamume kitu. Nabii Yeremia aliponunua shamba kule Anatothi kwa shekeli 17, majeshi yakiwa yameuzunguka Yerusalemu na mwenyewe yu kifungoni, aliandika hati mbili mbele ya mashahidi, moja ikatiwa muhuri na moja ikaachwa wazi, akazikabidhi kwa Baruku mbele ya watu wote waliokuwapo, ziwekwe ndani ya chombo cha udongo zisioze. Wote waliokuwapo uani waliona hati zinawekwa wapi. Wewe hati yako umeiweka wapi, na mkeo anajua?